Mgomba Unafuja

Niseme mapema ili nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo: mimi ni mtu wa kujivuna, na ninachojivunia kuliko vyote ni Kiswahili changu. Nilizaliwa Tukuyu, kata ya Bagamoyo, siyo Bagamoyo ya pwani, katika nyumba ya fundi cherehani ambaye baba yake alikuja kutoka pwani na hakurudi tena. Marehemu baba yangu alikuwa akimpima mteja kiuno huku akimsahihisha matamshi. "Sema suruali, usiseme suluali. Haya, sema tena." Wateja walicheka, wakasema tena, na mwezi uliofuata wakarudi. Nilirithi ulimi wake, cherehani sikuirithi.

Nilisomea kilimo Morogoro, nikarudi nyumbani kutafiti magonjwa ya migomba. Swali langu lilikuwa fupi: je, mnyauko wa bakteria umeshaingia katika mashamba ya huku kwetu, na kama umeingia, uko wapi? Ugonjwa huo hauna dawa. Ukiuwahi ukiwa katika shina moja, unaokoa shamba zima. Ukichelewa, shamba limekwenda, na unabaki kumwombea jirani. Kwa watu wa wilaya yetu ya Rungwe ndizi ni chakula cha asubuhi na cha jioni, ndiyo sabuni, ndiyo sare ya shule. Na mimi nilikuwa mmoja, na miguu miwili, na mvua ya Tukuyu ambayo haijui kupiga hodi.

Ndipo nikafungua kundi la wasapu. Mkuu wangu wa kazi alinitazama juu ya miwani yake akasema mitandao ni ya umbea. Nikamwambia huo hasa ndio ninaoutaka, umbea wa migomba. Hakucheka.

Nilizunguka sokoni, makanisani na msikitini kwetu nikiomba namba za wakulima. Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Kiwira, ambaye hupanda milimani kununua ndizi na kuziuza kando ya barabara kuu. Yeye aliniunganishia kila mkulima anayenunua kwake. Kundi lilipojaa, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA NI UTAFITI TU. SALAMU NA MENGINEYO HAYARUHUSIWI. Nikaongeza bango refu lenye dalili zote za ugonjwa, nikakaa kusubiri picha.

Wiki nzima hakuna aliyesema neno. Nilidhani mtandao umekatika. Nikazima simu, nikawasha. Hatimaye mama wa Kiwira akanipigia.

"Dada, hivi ukienda kwa mtu unaingia tu ndani unaanza kudai chai?"

"Kwa nini, mama?"

"Umewakataza kusalimiana. Sasa shida yao wataanza kuisemea wapi?"

Alikuwa na haki. Huku kwetu salamu ndiyo mlango, na mimi nilikuwa nimeupiga kufuli. Nikafuta amri yangu, nikaandika "Mugonile", salamu ya Kinyakyusa ambayo hata sisi watoto wa mafundi cherehani tunaijua. Asubuhi ile ile kundi likafunguka. Walijuliana hali, wakaulizana kuhusu mvua, wakatangaziana msiba, wakaombeana. Kisha, mwisho kabisa wa ujumbe, mtu angeongeza kama aliyekuwa amesahau: "Halafu kuna mgomba wangu mmoja majani yamekuwa ya njano." Nilijifunza kusoma kila ujumbe hadi nukta ya mwisho.

Wasiopenda kuandika walituma sauti, hasa wazee. Kiswahili cha wazee wetu kimelelewa na Kinyakyusa, hivyo ndizi huwa ndisi na shamba huwa samba. Mimi nilikaa na daftari langu nikiandika walichosema na kukinyoosha. Niliona raha, naikiri. Nilijiona mwana wa baba yangu.

Siku moja ikaja sauti ya bibi anayeishi juu ya Kiwira, mjane, mwenye shamba moja tu la migomba kuzunguka nyumba yake. Alisalimia, akauliza habari za watu wote ambao hakuwajua, kisha akasema: "Mwanangu, mgomba wangu unafuja. Nimetia samadi, bado unafuja tu. Njoo uone."

Unafuja. Nilitabasamu. Neno zuri, nikasema, la watu wanaokijua Kiswahili. Mtu akifuja mali anaitumia hovyo, basi mgomba unaofuja ni ule unaokula samadi na hauzai. Nikaandika daftarini: mgomba unafuja mbolea, si ugonjwa. Nikamjibu kwa upole wa kitaalamu: "Bibi, punguza samadi, usubiri msimu ujao." Naye akajibu kwa sauti ile ile, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Asante ile bado inanichoma hadi leo.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi mama wa Kiwira alikuwa akisikiliza sauti za zamani za kundi, akipanga safari yake ya kununua ndizi, akakutana na ile ya bibi. Akanipigia mara moja, hata hakusalimia, yeye aliyenifundisha kusalimia.

"Dada, kwa yule bibi wa huku juu ulikwenda?"

"Sikwenda, mama. Mgomba wake unafuja tu."

"Unafuja nini?"

"Samadi."

"Dada, wewe ni mtu wa hapa kweli? Bibi anasema unavuja. Una-vu-ja. Mgomba unatoa maji!"

Nilikaa chini. Nilikuwa najua tangu utotoni, kila mtu wa Tukuyu anajua, kwamba mzee wa Kinyakyusa akisema fitu anamaanisha vitu, na fisuli ni vizuri. Maneno yote yaliyokuja yamepinda niliyanyoosha. Hili moja lilikuja limenyooka, limevaa suruali ya baba yangu, nikalipitisha bila kulikagua. Na kuvuja usaha wa njano ndiyo dalili niliyokuwa nimeiandika mimi mwenyewe, ya kwanza, katika lile bango langu refu.

Nilimwomba bibi, kwa kupitia simu ya binti yake, akate kipande cha mgomba na kukipiga picha. Picha ikaja baada ya nusu saa. Niliituma kwa mtafiti mwenzangu wa Kagera, ambaye tulifahamiana katika kundi la watafiti mtandaoni na hadi leo sijawahi kumwona kwa macho. Huko kwao wameuzoea ugonjwa huo kwa machungu. Alinijibu wakati chai yangu bado ya moto: nisiguse mgomba mwingine kabla ya kupitisha panga motoni, nifungashe sampuli namna hii, nikague maua na siyo majani peke yake. Mambo ambayo vitabuni ningeyapekua siku tatu, yeye aliyaeleza kwa sauti ya dakika mbili, huku nyuma yake kuku wakilia.

Nikapanda bodaboda hadi kwa bibi. Tope lilikuwa la kuvua viatu, nikavivua. Alikuwa amesimama mlangoni, mdogo, amejifunga kitenge kifuani, na binti yake kando. Tulikagua shamba mstari kwa mstari. Mashina sita yalikuwa yameshaugua. Siku ile aliyonitumia sauti lilikuwa moja, bibi mwenyewe alinionyesha lipi. Matano mengine yaliingia wakati mimi nampa ushauri wa samadi.

Nikafungasha sampuli, kisha tukayang'oa yote sita, tukayakatakata, tukayafukia. Kisha tukavunja ua la chini ya kila mkungu uliobaki kwa mti wenye panda, siyo kwa panga, ili wadudu wasiuhamishe ugonjwa kwa ua wala sisi kwa chuma. Bibi alifanya kazi kuliko mimi. Tulipokaa kupumzika nikaona siwezi kunywa maji yake kabla ya kusema.

"Bibi, nilichelewa siku tisa kwa sababu sikukusikia. Ulisema kitu, mimi nikaandika kingine. Mashina yale matano ni makosa yangu."

Binti yake aliinamisha macho.

"Umekuja, lakini," bibi akasema. Akanisogezea kikombe.

Nimeshukuriwa na watu wenye vyeo na sikumbuki maneno yao. Hayo mawili ninayakumbuka. Majibu ya maabara yalipotoka yalithibitisha tulichokiona, na sampuli ile ikawa msingi wa utafiti wangu wote uliofuata. Mkuu wangu aliomba mwenyewe kuunganishwa kwenye kundi, na sasa ndiye anayetuma picha za maua kila Jumapili. Mimi siku hizi siandiki sauti ya mzee yeyote daftarini kabla mama wa Kiwira hajaisikiliza, na anapocheka ninamwacha acheke. Watu wakiniuliza mtandao unamsaidiaje mtafiti, huwa nasema unamsaidia kusahihishwa, tena hadharani, na watu wanaojua. Nashukuru kwa hilo. Baba yangu angenuna, kisha angeshukuru pia.

Lakini ninachotaka kusimulia hasa ni jinsi tulivyoagana siku ile.

Jua lilikuwa bado juu kidogo. Nilikuwa nimeshaaga na kuvaa viatu, nikamwona bibi anatoka nyuma ya nyumba amekumbatia mkungu wa ndizi, mkubwa, kutoka upande wa shamba ambao haukuugua. Huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Kumwacha aondoke hivyo ni kumwambia asirudi, na kumkatalia mwenyeji zawadi ni kumtukana mbele ya wanawe. Nami nilijua kwamba mkungu ule, hata ukionekana mzima, unaweza kubeba ugonjwa hadi kwa jirani wa mwisho wa bonde.

"Bibi, siwezi kuupokea," nikasema. "Hakuna ndizi wala jani wala chipukizi linalopaswa kutoka hapa. Hata kwangu. Hata kwa binti yako."

Alisimama na mkungu wake mikononi. Niliona uso wake ukibadilika, na nikahisi kwamba sasa ndiyo nimempoteza, yeye na wote wa mlima ule. Kosa la mgomba angeweza kunisamehe. Kwa hili sikuwa na hakika.

Akauweka mkungu chini, polepole. Akamwomba binti yake simu, akamwambia abonyeze pale pa kusemea, akaisogeza karibu mno na mdomo.

"Mugonile nyote. Leo nimepata mgeni, na mgeni wangu anaondoka mikono mitupu. Ndisi ninaso. Sijamnyima. Ugonjwa umeingia sambani kwangu, na ndisi sikitoka hapa nao utafika kwenu. Mkija kwangu sitawapa. Na mimi nikija kwenu, msinipe."

Akamrudishia binti simu, akaingia ndani bila kutuangalia.

Nilikuwa nimeandika kundini mabango mengine matatu juu ya jambo hilo hilo, yenye rangi na michoro, na hakuna aliyewahi kuyajibu. Sasa, kabla bodaboda haijafika barabara kuu, simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni bila kupumzika: nyumba moja baada ya nyingine, kwa sauti zao wenyewe, zikiapa kuwanyima wageni wao ndizi. Nililia waziwazi hadi Kiwira. Dereva wa bodaboda alidhani nimefiwa, akapunguza mwendo, akanipa pole.