Tulipoukata Mringaringa

Bei ya kahawa ilipoanguka, wazee wa mlimani walianza kuitazama miti ya vihamba vyao, mashamba yale yanayozunguka nyumba, kama mtu anavyomtazama mbuzi mnadani. Mimi nilikuwa nachonga ngoma mjini, Majengo, na kwaya moja ya parokia ilikuwa imeniagiza ngoma tatu za Noeli. Nilihitaji mringaringa mmoja mnene, mzima ndani. Nikiukosa, kazi inakwenda kwa fundi wa Pasua, na mimi si mtu wa kumwachia fundi wa Pasua kitu.

Niliupata kwa mzee mmoja, katikati ya migomba. Nikaupima kwa kamba, nikaupima tena: ngoma tatu, na kipande cha akiba. Tulibishana bei hadi mkewe akatuletea ndizi mara mbili. Tukaandikiana.

Siku ya kukata nilifika asubuhi na mkata miti wangu. Kigoda cha mzee kipo, mwenyewe hayupo. Nikajua tu, huyu anataka kuongezwa.

"Shikamoo mama," nikamwambia mkewe. "Mwambie mzee nimepandisha kidogo."

Alicheka hadi akashika mgomba. "Marahaba. Pesa yako kaa nayo, mtoto wa mjini. Mti huu kwetu ni binti. Baba gani anakaa kuangalia binti yake akichukuliwa? Kateni!"

Tukakata. Tuliuvuta kwa kamba ukalala kando ya mfereji. Nikahesabu mikahawa iliyovunjika: miwili. Nikarudia: miwili.

Ndipo mzee akatokea mbio, fimbo juu. "Wezi! Mmeniibia binti yangu! Hatoki mtu hapa na gogo!"

Mimi, mjanja wa masoko yote hadi Bomang'ombe, nikatoa karatasi. "Mzee, sahihi yako hii hapa."

Akashusha fimbo. Akalikalia gogo.

"Mkwe hajibu hivyo," mama akaninong'oneza. "Hasira ile ilikuwa ya desturi. Sasa umemtia ya kweli."

Niliziona ngoma tatu zikishuka kwenda Pasua. Nikakunja karatasi, nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Baba, tumekosa. Tulimpenda, tukamchukua. Tutamtunza."

"Anakwenda kufanya nini huko?"

"Kuimba kanisani, baba."

Akalipapasa gogo, akaliambia maneno ya Kichagga kwa sauti ya chini. Kisha akainuka, akainamia upande ule mnene.

"Haya, shikeni huko. Mkwe asiye na mgongo simtaki."