Seli Haina Kiburi

Mwalimu wetu wa biolojia huchora seli kama kiazi kilichobonyea, kisha huipigapiga kwa kidole chenye vumbi la chaki kana kwamba anaibembeleza ilale. "Seli haina kiburi, wanangu," husema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Nishati ikipungua, inahisi mara moja. Inasimamisha ujenzi, inachoma akiba, inasubiri chakula." Tumbo lake likinguruma, yeye hupaza sauti zaidi. Mkebe wa chakula anaofungiwa na mkewe kila asubuhi hukaa mezani hadi jioni, ukikandamiza karatasi zetu za mtihani zisipeperushwe na upepo. Kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Jana mistari yake ubaoni ilianza kuteremka, naye akateleza taratibu ukutani mpaka akakaa sakafuni. Tukamkimbilia na ule mkebe, kifuniko tumeshakifungua. "Kula kwanza, Mwalimu!" Akausukuma kando, akainua kidole. "Seli ikiishiwa nguvu, hufanya nini?" Darasa zima likajibu kwa kelele: "Inaacha kazi!" Uso ukamnawiri. "Safi sana," akasema akiwa pale pale chini. "Sasa nipeni chaki."