Taa ya Kahongya

Jumamosi tarehe 14 Machi 2026. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ukungu juu ya vilima, na Butembo baridi kiasi kwamba mgeni angeuliza watu wanataka congélateur, sanduku la kugandishia, ya nini. Lakini ile ya Joyeuse ilikuwa imeacha kugandisha, na samaki wake walikuwa wameanza kulainika. Huuza samaki wa baridi sokoni, na bila lile sanduku hana kazi. Ndiyo maana alimwita Kahongya, na hapo ndipo alipokosea.

Kahongya hujiita Ingénieur ya Baridi. Cheo hicho alijipa mwenyewe, akakiandika kwa rangi nyeupe ukutani pake. Alizaliwa kijijini Vuhovi, akakimbia jembe kwa kuchukia matope, akaenda Beni kwa mjomba wake Kitsa, mtengenezaji wa frigo, yaani friji. Alikaa huko miaka mingi, akajifunza jambo moja.

Kitsa alikuwa na taa ya gesi yenye kipande cha shaba ndani. Aliipitisha kando ya mabomba, na penye tundu moto uligeuka kijani. Gesi ya frigo za wakati ule ilikuwa na klorini. Haiwaki, ila ikikutana na shaba yenye moto hutoa rangi hiyo. Hutoa pia moshi wa sumu unaochoma mapafu. Kitsa alikohoa mpaka siku alipozikwa, na Kahongya hukitaja kile kikohozi kana kwamba ni diploma.

Baadaye gesi ile ilikatazwa kwa kuharibu anga. Leo frigo nyingi mpya zina gesi nyingine, ndugu ya ile ya kupikia. Haina klorini, haina harufu, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni kama maji, na inawaka. Kahongya alirithi taa. Habari hii hakuirithi, wala hakuitafuta.

Kwa Joyeuse alichomelea bomba lililotoboka, akaanza kujaza gesi. Mizani hana, hujaza huku ameinamisha sikio kwenye mota, kama mtu anayeungamisha. Kisha akanusa, akatangaza kwamba hakuna kinachovuja. Kwa heshima ya kazi, alisema, atahakikisha kwa taa.

Joyeuse alimwonyesha alama iliyobandikwa nyuma ya sanduku: pembetatu ya njano, na ndani yake moto.

“Papa Kahongya, hapa balichora moto.”

“Ile ni mapambo ya ba Chinois, mama.”

“Basi tia povu ya sabuni. Kama inavuja, itafanya mapovu.”

“Sabuni ni ya kufula. Mimi niko technicien. Funga mulango, upepo iko nazimisha taa yangu.”

Joyeuse hakufunga. Aliufungua mlango wote, akaweka kiti kizingitini, akakaa mvua ikimpiga mgongoni. Kahongya alilalamika kwamba wanawake hawaheshimu vyombo vya kazi, akaingiza taa chini ya sanduku.

Moto haukugeuka kijani. Ulitambaa sakafuni ukiwa wa buluu, ukapanda, ukamlamba uso. Ukashika povu kavu la kuhifadhi baridi lililo ndani ya kuta za sanduku, na moshi mweusi ukajaa chumbani. Edmond, jirani, alimvuta nje kwa kumshika mkanda, kisha akamwaga mchanga. Gesi nyingi ilikuwa imekwisha kutoka mlangoni; kwa hiyo chumba hakikupasuka, na Ingénieur alipoteza nyusi na sharubu tu.

Edmond alimtazama pale matopeni, katika yale matope aliyoyakimbia Vuhovi.

“Ingénieur, uliona kijani?”

Kahongya alijibu kwamba congélateur ilikuwa ya kiwanda kibaya.

Joyeuse alikuwa na samaki mabeseni matatu na sanduku lililogeuka mkaa. Aliwasha kuni barazani, akaanza kufukiza waliobaki wazima. Wengine walikwenda kwa mbwa. Biashara ya baridi iliishia hapo.

Asubuhi yake, Jumapili, Kahongya alirudi kwa Joyeuse kabla ya ibada, amevaa tai, nyusi mbili zimechorwa kwa wanja wa mke wake. Hakuuliza habari za samaki. Hakuomba radhi. Alisema kuna bar huko Kirumba yenye frigo mpya inayomsubiri, naye amekuja kuchukua taa yake. Joyeuse alimletea, imezama ndani ya beseni la povu la sabuni. Kahongya aliitoa, akaipangusa kwa tai, akapanda pikipiki.