Bertilla, visiki vya mlimani na mume aliyeko Mtowisa

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeilalia Milanzi, mtaa wa pembezoni mwa mji. Bertilla, fundi cherehani, ametandaza gazeti kuukuu mezani alikate liwe kipimo cha sketi ya shule, lakini mkasi ameuweka kando. Anasoma kwanza.

"Hasna wa duka la jirani ndiye hunipa magazeti yasiyouzika," anasema, akijivutia kanga mabegani. "Yenye habari za ukame siyakati."

Wengi huzikimbia habari hizo. Yeye alianza kuzitafuta mwaka ilipokauka chemchemi ya kijijini kwao, ukingoni mwa uwanda, pale njia inapoanza kuteremka bondeni. Mahindi yaliungua, ulezi haukurudisha hata mbegu. Mumewe, Polikarp, akateremka Mtowisa, huko bondeni, kulima mpunga. Bertilla akahamia mjini ili watoto wasome.

"Nasoma mito inakauka, usingizi unaniruka. Polikarp ananiambia kwenye simu, 'Mama Edith, acha kujisomea misiba.'"

Hakuacha. Alitaka kukijua kitu kilichomwondolea mume. Siku moja, katika jarida lililopoteza jalada, akakutana na wanakijiji wa nchi kame waliorudisha msitu bila kupanda mche. Walilinda visiki vilivyo hai, wakapunguza machipukizi, wakazuia moto na mifugo.

Kesho yake hakufungua kibanda chake cha kushonea, akarudi kijijini. Alipanda mlima ulio juu ya chemchemi, akapiga magoti penye visiki.

"Visiki vyetu vilikuwa vinachipua! Sisi tunavichoma kila kiangazi. Nililia, ila si kwa huzuni."

Akaanza kuvilinda; ni miaka minne sasa. Mwanzoni shemeji yake, Kornel, alimuuliza kama mjini wamemroga. Baadaye Kornel huyohuyo akawa anafukuza mbuzi. Leo miti imempita Bertilla kimo. Maji hayajatoka, lakini udongo wa pale chemchemi ukiufumbata mkononi, unashikana.

Jumapili baada ya misa simu huita. Sauti ya Polikarp huja imechoka na joto la bonde.

"Maji yametoka?"

"Bado."

"Sasa nirudi kufanya nini?"

Bertilla analikunja gazeti lililo mezani. "Mito naionea huruma, kweli," anasema, akiangalia pembeni. "Lakini mimi namtaka mume wangu nyumbani, tugombanie blanketi."

Jumapili iliyopita aliamua kusema yeye kwanza.

"Kabla nyasi hazijakauka tunafyeka ukanda wa kuzuia moto, kuuzunguka mlima wote. Kornel peke yake hawezi."

Polikarp akauliza:

"Panga langu bado lipo?"

"Lipo."

Polikarp hakuahidi kwamba akija kufyeka atakaa, wala Bertilla hakumuuliza. Alipokata simu aliinama, akalitoa panga uvunguni, akaenda nalo uani kulinoa.