Mwiko wa Mpishi wa Arusi

Mpishi wa arusi wa mtaa wetu, hapa Buyenzi, ana mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na mwiko huo ni mwiko kweli: haushikwi na mtu mwingine. Akitaka kujifunga kanga upya, huubana kwapani. Chumvi huimimina kwanza kwenye kiganja cha kushoto, akaitazama, ndipo aitie. Mtu akipiga kelele jikoni, humwambia polepole, “Pilau haisikii.” Sisi midomoni mwetu tulishampa Zubeda mwiko huo, kwa kuwa ni binti wa mdogo wa mpishi, ndivyo tulivyozoea kugawa vitu.

Jumamosi, kwenye arusi, wali ukaungua. Mpishi akauliza nani alikuwa akiangalia moto. “Kuni ni mbichi, mama mukubwa,” akasema Zubeda. Epiphanie, jirani Mkristo asiyekosa arusi yetu hata moja, akajibu, “Apana, mama. Ni mi nilisahau kuvuta makaa pembeni.” Alikuwa ameshahamisha wali wa juu bila kugusa ukoko. Mpishi akaonja, akatafuna bila haraka, kisha akafuta mpini wa mwiko kwa kanga yake na kumpa Epiphanie. “Supu ya sufuria ya pili inangoja chumvi.”

“Huyu si wa nyumba yako,” mwanamke mmoja akanong'ona.

“Pilau haiulize mutoto wa nani.”

Epiphanie akamimina chumvi kiganjani, akaitazama kwanza. Zubeda alinuna kidogo. Halafu, bila kuambiwa, akainama kuvuta makaa.