Kidude Kilicholala Msituni

Mama alipoanza kusahau njia ya kwake mwenyewe, nilimtengenezea kidude. Mimi ni fundi wa simu mjini Kakamega. Hasira zangu wateja wanazijua, lakini kazi yangu hawailalamikii. Kidude kilienea kiganjani: laini ya simu, kitu cha kusoma setilaiti, na betri ndogo, maana kubwa mama angeiona nzito aitupe kwenye majani chai. Nilikishonea ndani ya pindo la sweta yake.

Shida ilikuwa hiyo betri. Mwanzoni ilikuwa inakufa kabla mama hajanywa chai ya saa kumi. Nikaunganisha mita nione chaji inaenda wapi. Kumbe mlaji mkubwa ni kule kutafuta setilaiti, na chini ya miti ndiyo balaa kabisa, kisha kutuma ujumbe. Kikiwa kimelala, mita hata haisomi kitu cha maana. Basi nikakifundisha kulala. Mama akitembea, kinashtuka, kinanitumia mahali alipo na chaji iliyobaki. Mama akitulia, nacho kinalala fofofo, hata ukikipigia hakipatikani. Betri ikaanza kudumu, nami nikajisifu, wacha tu.

Alasiri moja mvua ikinyesha nilikuwa kwake, karibu na Isecheno, pale msitu unapoanzia nyuma ya shamba. Tangu asubuhi alikuwa akizungukazunguka uani bila kutulia. Nikaingia jikoni kusonga ugali. Kutoka, uani hamna mtu. Nikaita, hola. Mara simu ikalia: mama yuko ndani ya msitu, ng'ambo ya kijito, chaji imekwisha karibu yote. Ule mzunguko wa uani ulikuwa umekiamsha kutwa nzima. Nilikuwa nimekipima mara nyingi, kwa hiyo nilijua. Kilikuwa kimebakiwa na chaji ya kutuma ujumbe mmoja tu.

Woi! Nikampigia mume wangu, ambaye alikuwa Lubao kwenye soko la ng'ombe, akaja na pikipiki akiwa amelowa chapachapa. Yeye akaingilia upande wa juu, mimi upande wa kijito. Sauti yake ni ya kuitia ng'ombe, na alikuwa akiitumia yote: "Mama! Mama weee! Uko wapi?"

Simu mkononi, kimya. Hilo ndilo lililonitia kichaa. Kimya maana yake mama ametulia. Lakini ametulia vipi? Ameketi? Ameanguka mtoni? Ameumwa na nyoka? Kile kidude hakijui tofauti ya mtu anayepumzika na maiti. Niliogopa kila kisiki nilichokiona, nikidhani ni yeye amelala. Nilikuwa naomba Mungu na kutukana kwa pumzi ileile. Na msituni giza halingoji jua lizame, lilikuwa tayari linaingia chini ya miti.

"Huku hayupo!" mume wangu akapiga kelele kutoka upande wa juu. "Mamaaa!"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Ala! Huyu anayeita ni nani?

Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Mama akimwona mume wangu njiani, anaiacha njia, anaingia kichakani, anajikunyata humo mpaka apite. Tangu nilipoolewa hawajawahi kupeana mkono. Nami, kwa ile hofu, nimemtuma mkwe akamsake mama mkwe kichakani kama ndama aliyekata kamba!

Nikamkimbilia. "Toka msituni."

"Umerukwa na akili? Mvua hii, giza hili?"

"Mama amejificha usimwone. Toka, na utoke ukiongea, akusikie ukienda."

Akajipiga paji la uso. Naye ni mtu wa kwetu. Akageuka, akaenda zake akilalamikia matope kwa sauti ya juu, mpaka sikumsikia tena.

Nikabaki peke yangu. Kama nimekosea, nimemfukuza mtu pekee aliyekuwa akinisaidia. Simu nilikuwa nimeikumbatia kifuani, siwezi hata kuitazama.

Ikalia. Mama yuko karibu kabisa, kwa mti ulioanguka, na chaji ndiyo hiyo imekwisha. Nilikimbia nikijikwaa na mizizi, nikaanguka, nikaamka. Nikamkuta anatambaa kutoka nyuma ya gogo, leso amejifunika uso mzima, matope hadi shingoni.

"Ameenda?" akanong'ona.

"Ameenda, mama."

"Mungu asifiwe. Yule ni mkwe wangu. Tungekutana uso kwa uso, aibu gani hiyo!"

Nikaketi hapo hapo kwenye maji, nikalia kwa sauti kama mtoto. Mama akajifunua, akanitazama sana. Akachukua pembe ya leso yake, akanipangusa machozi pole pole.

"Nyamaza, mama. Sijui wewe ni mtoto wa nani, lakini una roho nzuri. Nisindikize nyumbani. Kuna binti yangu pale, na ni mwoga huyo! Saa hizi anatetemeka."

Nikamshika mkono. Nikamwambia namjua huyo binti, twende.