Makali Niliyomnolea Kipa wa Wapinzani

Mji mzima wa Kivisalmi unaniita shujaa. Na kila nikiitwa hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, halafu mniseme mnavyotaka.

Naitwa Taisto. Kazi yangu ni kunoa vyuma vya viatu vya timu yetu ya hoki ya barafu. Miaka ishirini na sita niko na mashine ile ile, na miaka yote hiyo timu ilikuwa ya kuchekwa. Robo fainali tulikuwa tunaisikia redioni tu.

Msimu huu sijui tulikula nini. Tukafika!

Robo fainali ni mechi saba, na sita za kwanza tukagawana tatu tatu na wapinzani wetu, timu ya Harjuranta. Ya saba ikawa nyumbani kwetu. Mshindi nusu fainali, mwingine likizo.

Kikwazo kilikuwa mtu mmoja, kipa wao Vainikka. Yule bwana alikuwa ukuta.

Sasa, saa mbili kabla ya mechi, mlango wa karakana yangu ukafunguliwa. Nani? Vainikka mwenyewe, viatu mkononi.

"Shikamoo mzee. Mashine yetu imeungua. Naomba uninolee."

"Marahaba. Weka hapo."

Akaweka, akaondoka. Kwetu mgeni akikwama unamnolea, hata kama juzi kakutoa machozi. Na maneno mengi hatuna.

Jarkko, meneja wetu, alimwona akitoka. Akaingia, akafunga mlango.

"Taisto, Mungu katuletea kipa mezani."

"Una maana gani?"

"Usijifanye hujanielewa. Pinda makali kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya. Tukitolewa leo, kwenye mashine hiyo atakaa mwingine. Chagua."

Akatoka.

Nina miaka hamsini na nane, nani ataniajiri? Nikazima mashine.

Kisha hasira zikanipanda. Yaani Jarkko ananiona mimi mtu wa hivyo?

Nikaiwasha. Nilivinoa vile viatu kama vya mwanangu wa kumzaa. Makali yakawa ya kukata unywele. Nikaenda kumkabidhi mwenyewe, kifua mbele.

Jarkko akaniuliza kwa macho. Nikampita, nikaenda zangu kwenye benchi.

Mechi ilikuwa balaa, jamani. Dakika sitini, moja moja. Tukaingia muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ndiye mshindi. Nimesimama nyuma ya benchi, roho juu. Wakifunga wao, sina kazi.

Dakika ya nane, kisahani, ndicho mpira wetu wa hoki, kikapigwa kutoka kushoto kwenda kulia. Vainikka akajisukuma kukifuata, jambo alilolifanya mara mia kwenye mechi hizi.

Mguu ukanasa kwenye barafu. Akaenda chini kifudifudi.

Goli tupu. Tukafunga.

Uwanja ukalipuka. Jarkko akanirukia shingoni. "Mzee wewe ni noma! Nilijua utanisikia!"

"Sikufanya kitu, Jarkko!"

"Ndiyo, useme hivyo hivyo." Akanikonyeza.

Moyo ulinipasuka. Timu zilipopanga mistari kupeana mikono, nikaingia barafuni na viatu vyangu vya kawaida, nateleza kama mlevi, nikamshika Vainikka mkono.

"Naapa, kijana wangu, nilinoa kwa moyo wangu wote."

"Najua, mzee. Vilikuwa vikali mno. Mimi huchezea butu, ili niteleze kwa ubavu. Niligundua wakati wa kupasha misuli."

"Sasa mbona hukuvirudisha?"

Akainamisha kichwa. "Niliona umejitahidi sana. Nikaona haya."

Kila kipa ana makali yake, hilo nilikuwa nalijua kabla yeye hajazaliwa. Swali lilikuwa moja tu, "Unapenda yaweje?" Sikuuliza. Nilikuwa bize kumwonyesha Jarkko kwamba mimi ni mtu mwema.

Jarkko kaunong'oneza mji mzima kwamba niliyapinda makali, na kaniongezea mkataba wa miaka miwili. Nimesaini, siwafichi. Nikieleza ukweli kwenye mgahawa, watu wanacheka na kuniagizia kahawa.

Jamani, ukitaka kumfanyia mtu wema, muulize kwanza anautaka vipi. Na wewe unayefanyiwa, kiatu kikikubana sema.

Mpaka leo, mtu pekee anayeamini kwamba sikumhujumu Vainikka ni Vainikka.